Tusiandike "Mdomo Sungura": Rai Kuhusu Mipasuko ya Nadra ya Uso wa Mtoto

Barua ile ya rufaa ilikuwa fupi: "Mtoto wa siku sita, mdomo sungura kushoto, kwa matibabu zaidi." Nilisomewa kwa simu na tabibu wa zahanati moja iliyo katikati ya machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita, kabla hata mama mhusika hajakabidhiwa karatasi yake. Nami nikajibu kama nilivyozoea kujibu simu za namna hiyo. Nikasema mama afundishwe kumlisha mtoto kwa kikombe iwapo kunyonya kunamshinda, mtoto apimwe uzito kila wiki, na akifika kilo nne na nusu aletwe kwenye kambi ya upasuaji wa midomo. Lilikuwa jibu sahihi kwa tatizo ambalo mtoto yule hakuwa nalo.

Aliletwa akiwa na umri wa wiki saba, amenenepa vizuri, mama yake akiwa na haki ya kujivunia. Alipofunua khanga niliona kosa langu. Mpasuko ulianzia mdomo wa juu, upande wa kushoto kweli, lakini nje ya kile kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo. Haukuingia puani. Uliliacha bawa la pua likiwa zima, ukapanda shavuni, ukaifikia kope ya chini na kuikata sehemu mbili. Jicho lile halikuwa na kifuniko upande wa chini. Kwa siku arobaini na tisa lilikuwa wazi usiku na mchana, likipigwa na vumbi la barabara ya machimbo na moshi wa jiko la kuni. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa imeota kidonda na kidonda kimeacha kovu jeupe.

Mdomo tuliushona. Shavu tulilitengeneza kwa awamu, na kope pia. Jicho lile halioni, na hakuna awamu ya upasuaji itakayolirudisha.

Tabibu yule hakukosea kwa uvivu. Aliandika jina alilofundishwa, nami nililipokea jina hilo kana kwamba ni utambuzi wa ugonjwa. Hakuna kati yetu aliyeuliza swali moja ambalo lingeliokoa jicho: mpasuko unaishia wapi?

Neno "mdomo sungura" limekaa katika lugha yetu muda mrefu. Hutumiwa redioni, hutumiwa na majirani, hutumiwa na wazazi wenyewe, na sina nia ya kumkemea mzazi anayemweleza daktari kwa neno alilo nalo. Wenzangu wengi hulipinga kwa sababu linamfananisha mtoto na mnyama, na wako sahihi. Mimi nina lalamiko lingine ambalo naliona zito zaidi kwa mtu wa taaluma: neno hili halielezi chochote. Linachukua hali ambazo hazifanani kwa chanzo, kwa njia wala kwa hatari, linazitia katika kikapu kimoja na kukifunika. Tabibu aliyeliandika hulala akiamini amekwisha kueleza, na daktari aliyelipokea huamini amekwisha kuelewa.

Ni jambo la ajabu kidogo kwamba haya hutokea katika nchi ya Wasukuma, watu ambao majina yao hutoa taarifa. Likitajwa jina la Kulwa au Doto, msikilizaji anajua amezaliwa pacha, na anajua ni yupi aliyetangulia. Likitajwa jina la Shija, anajua kwamba kabla yake walizaliwa mapacha. Jina moja linabeba habari nzima ya uzazi. Barua zetu za rufaa, zinazoandikwa na watu waliosoma miaka mitatu na zaidi, mara nyingi hazifikii usahihi huo.

Tuangalie sasa ukubwa wa jambo lenyewe. Mpasuko wa kawaida wa mdomo, ukiwa na mpasuko wa kaakaa au bila huo, hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 700 wanaozaliwa duniani, na kwa watu wenye asili ya Afrika hupungua kidogo. Huo tunaufahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulipitia wagonjwa 240 wenye mipasuko ya mdomo na kaakaa walioonekana kati ya mwaka 2004 na 2009, ukakuta kwamba upande wa kushoto ndio ulioathirika zaidi, kama ilivyo kwingineko duniani. Ndiyo maana neno "kushoto" katika simu ile lilinituliza badala ya kunishtua. Lilikuwa linakubaliana na mazoea.

Mipasuko ya nadra ya uso ni jambo jingine. Makadirio yanayotumika sana ni kati ya mtoto 1.4 na 4.9 katika kila vizazi hai 100,000. Mkoa wa Geita, uliomegwa mwaka 2012 kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga, ulihesabiwa kuwa na karibu watu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022. Kwa kiwango cha uzazi cha Kanda ya Ziwa, si kosa kukisia kwamba huzaliwa huko watoto laki moja kwa mwaka au zaidi. Fanya hesabu hiyo, nawe utaona kwamba tunazungumzia mtoto mmoja, pengine watano, kwa mwaka mzima katika mkoa mzima. Muuguzi mkunga anaweza kufanya kazi miaka thelathini, akastaafu, akiwa amemwona mmoja tu, au asimwone kabisa. Huyo mmoja atakapokuja, atakuja usiku, jenereta imezimika, mama anatoka damu, na mkunga hatakuwa na nafasi ya kufungua kitabu. Kwa hiyo anachopaswa kuwa nacho kichwani ni kitu kidogo sana, na kiwe kile chenye manufaa.

Uso wa binadamu huundwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba, wakati ambapo mama wengi hawajaanza kliniki na wengine hawajajua kama wana mimba. Vivimbe vitano hukua kuzunguka mahali patakapokuwa mdomo: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu na viwili vya taya la chini. Vinasogeleana, vinagusana, vinaungana. Mpasuko wa kawaida wa mdomo hutokea pale ambapo muungano wa upande wa pua na wa taya la juu haukukamilika. Mipasuko ya nadra si mitiifu hivyo. Baadhi hufuata njia za muungano, na mingine hukata mahali ambapo hapakuwa na mshono wowote. Hapo wataalamu hutaja seli zilizoshindwa kufika mahali pake, mishipa ya damu iliyokosa kulisha sehemu fulani, au nyuzi za mfuko wa mimba zilizomzingira mtoto na kumkata. Hizo za mwisho huacha ushahidi mwingine mwilini: vidole vilivyokatika au vyenye mikunjo kama vilivyofungwa uzi. Mkunga anayetazama uso wa ajabu kisha akasahau kutazama vidole ameacha nusu ya habari.

Mtu aliyeleta utaratibu katika fujo hii alikuwa daktari wa upasuaji Mfaransa, Paul Tessier, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2008. Mwaka 1976 alichapisha uainishaji ambao hadi leo ndio lugha ya pamoja ya wapasuaji wa uso duniani. Kabla yake kila mtaalamu alikuwa na majina yake, mengine ya Kilatini, mengine ya watu. Tessier aliweka kando swali la chanzo, akatazama alichokiona kwa wagonjwa wake na alichokikuta kwenye mifupa alipowapasua, akatoa namba kuanzia 0 hadi 14.

Kiini cha wazo lake ni tundu la jicho. Aliona kwamba tundu hilo ni mali ya uso na ni mali ya fuvu pia, hivyo akalifanya kitovu, na mipasuko yote akaipanga kulizunguka kama njia zinazoingia mjini. Mstari wa katikati ya uso kwa chini, unaopita mdomo na pua, ni namba 0. Ukielekea nje, namba zinaongezeka zikipita bawa la pua, shavu na kope ya chini, hadi namba 7 inayotoka pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Namba 8 iko kwenye kona ya nje ya jicho. Kisha njia zinapanda juu ya jicho, kwenye kope ya juu, nyusi na paji, na kurudi katikati kwa namba 14. Njia ya chini na ya juu zikikutana kwa mtoto mmoja, namba zake zikijumlishwa huwa 14: ya 3 na ya 11, ya 4 na ya 10, ya 5 na ya 9. Namba 7 haina mwenza. Baadaye namba 30 ilitengwa kwa ajili ya mpasuko wa katikati ya mdomo wa chini na taya lake.

Mtoto niliyemweleza mwanzoni alikuwa na namba 4. Jirani zake wawili humchanganya hata mtaalamu. Namba 3 hupita kwenye kitako cha bawa la pua na kufika kona ya ndani ya jicho, ikiharibu njia ya machozi, hivyo jicho hutoa machozi na usaha bila kukoma. Namba 5, ambayo ni adimu kuliko hizo, huanzia karibu na pembe ya mdomo na kupanda kwenda sehemu ya nje ya kope ya chini. Namba 4 iko kati yao: mdomo, shavu, kope, na bawa la pua limesalimika. Zote tatu zina hatari moja ya haraka, nayo ni jicho lisilofunikwa.

Namba 7 ndiyo inayoonekana zaidi miongoni mwa hizi za nadra. Mdomo huwa mpana upande mmoja, mate humwagika, sikio la upande huo huwa dogo au halipo, na mara nyingi kuna vinyama mbele ya sikio. Vinyama hivyo nimeona vikifungwa uzi nyumbani ili vidondoke. Vikidondoka, taarifa inapotea, na mtoto anakua upande mmoja wa taya ukiwa mfupi bila mtu kuunganisha mambo. Namba 6, 7 na 8 zikija pamoja pande zote mbili huunda sura ya ugonjwa wa Treacher Collins, wenye mashavu yaliyobonyea na taya dogo la chini. Hapo hofu ya kwanza ni pumzi kabla ya sura. Mtoto alazwe kifudifudi au ubavu, asilazwe chali, na asafirishwe hivyo akiangaliwa njiani.

Mipasuko ya katikati, namba 0 na 14, hudai tahadhari ya aina nyingine. Macho huwa yameachana sana, na pengine kuna uvimbe laini kwenye mzizi wa pua unaotutumka mtoto anapolia. Huenda ndani ya uvimbe huo kuna utando wa ubongo, au ubongo wenyewe, uliochomoza kupitia tundu la fuvu. Mtu asiutoboe kwa sindano akidhani ni jipu. Naliandika hili kwa sauti ya ukali kwa sababu nimekwisha kupokea mtoto aliyetobolewa.

Sasa nifike kwenye hoja inayonitenganisha na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaotaka jedwali la Tessier libandikwe ukutani katika kila zahanati, na namba zifundishwe kwa kila muuguzi na tabibu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Namba ni hitimisho la mtu aliyeona kipimo cha CT-Scan na pengine aliyefungua tishu kwa kisu. Sisi wenyewe, tukiwa watatu tumemzunguka mtoto mmoja, tumewahi kubishana kama ni ya 3 au ya 4 mpaka picha za mifupa zilipokata shauri. Ngozi inaweza kuonyesha mpasuko mpana ilhali mfupa una dosari ndogo, au kinyume chake. Mwaka 1983 Van der Meulen na wenzake walileta uainishaji mwingine unaofuata hatua za ukuaji wa mimba, kwa kuwa namba za Tessier hazisemi kitu kuhusu asili ya mpasuko. Kama wataalamu bado wanajadiliana, kumlazimisha tabibu wa Nyarugusu atoe namba ni kumtaka akisie. Na namba iliyokisiwa vibaya ina hatari ileile ya "mdomo sungura": inaonekana kama jibu.

Ninachomwomba ni maelezo. Mpasuko unaanzia wapi na unaishia wapi? Bawa la pua ni zima au limekatwa? Kope zimetimia, na jicho linafumba lote mtoto anapolala? Masikio yakoje, yote mawili? Kaakaa, ukipitisha kidole safi, ni zima? Kuna uvimbe kwenye paji au mzizi wa pua? Vidole vya mikono na miguu vikoje? Anapumuaje, ananyonyaje? Mtu akijibu hayo kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno moja la kitaalamu, ameshafanya utambuzi kwa sehemu kubwa. Daktari aliye mbali anaweza kuketi na jedwali la Tessier na kuufuata mpasuko kwa kidole.

Liko swali jingine dogo ambalo husahaulika: je, mtoto alizaliwa hivi? Huwapata watoto wa miaka miwili hadi sita, hasa walioishiwa lishe baada ya surua au malaria kali, ugonjwa wa noma, ambao huanza kama kidonda cha fizi na kula shavu ndani ya siku chache. Aliyepona noma hubaki na tundu shavuni ambalo mgeni anaweza kuliita mpasuko. Shirika la Afya Duniani liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Mmoja alihitaji dawa za viua vijasumu na chakula mapema, mwingine alihitaji rufaa ya jicho. Jibu la mama, "alizaliwa mzima," hubadilisha kila kitu.

Wakati barua inaandikwa, kuna kazi ambayo haisubiri mtaalamu. Jicho lisilofunikwa lilindwe tangu saa ya kwanza. Malhamu ya macho ya tetrasaiklini, ambayo zahanati nyingi huwa nayo, iwekwe kila baada ya saa chache, mchana na usiku, konea isikauke. Gozi au pamba kavu isigusane na jicho kwa sababu huikwaruza. Kipande cha nailoni safi inayopitisha mwanga kinaweza kubandikwa kwa plasta juu ya tundu la jicho, kikiacha nafasi ili unyevu ubaki ndani, mradi kimefungwa imara kisiteleze kuelekea puani. Mama afundishwe, na arudie mbele ya muuguzi mpaka afanye mwenyewe. Kisha mtoto huyo asafiri wiki hiyohiyo. Kipimo cha wiki 10, kilo nne na nusu na hemoglobini ya gramu 10, ambacho tunakitumia kuamua siku ya kushona mdomo wa kawaida, kisitumike kumzuia asionwe. Kuonwa ni jambo moja, kupasuliwa ni jingine.

Hapa ndipo ninapotofautiana pia na sifa tunazozimwaga kwa kambi za upasuaji. Kambi zimewarudishia tabasamu watoto wengi, na mimi mwenyewe nimefanya kazi katika kambi hizo kwa furaha. Lakini orodha ya kambi imetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa kawaida. Kazi ni ya saa moja au mbili, mtoto anaondoka baada ya siku chache, na hesabu ya waliopasuliwa inasomwa siku ya kufunga. Mtoto mwenye mpasuko wa namba 4 au ule wa 0 na 14 anahitaji daktari wa macho, pengine wa ubongo, wa meno na taya, mtaalamu wa usingizi aliyezoea njia ngumu za hewa, na miaka kumi na tano ya kurudi. Akiwekwa kwenye foleni ya kambi hupoteza mara mbili: anasubiri bila sababu, na akifika anaambiwa kesi yake ni kubwa, arudi nyumbani asubiri utaratibu. Kwake rufaa iende moja kwa moja hospitali ya kanda. Zamani tulikuwa na kisingizio cha kivuko cha Busisi, na foleni yake, na gari la wagonjwa lililokwama ng'ambo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, na kisingizio hicho nacho kimekwenda na maji.

Umbali uliobaki ni wa aina nyingine. Familia za wachimbaji huhama. Rashi ikitokea mahali, kambi nzima huondoka ndani ya wiki moja, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi haipatikani tena. Nimejifunza kuomba namba mbili, ya mama na ya bibi aliyebaki kijijini, kwa kuwa bibi hahamii machimboni. Nimejifunza pia kuomba picha kwa simu, uso wa mbele na pande zote mbili, kwa ridhaa ya mzazi, itumwe kwa daktari mmoja anayehusika. Picha ya mtoto wa nadra hupenda kusafiri. Nimewahi kuletewa, kutoka kundi la simu lisilo la kitaaluma, picha ya mgonjwa wangu mwenyewe ikiwa na maelezo ya dhihaka. Mama yake alikuwa ameiona kabla yangu.

Na mama hao huuliza. Wakiwa machimboni, swali ni zebaki: "Daktari, ni ile dawa ya kukamatia dhahabu?" Wengine wameambiwa na wakwe kwamba walimcheka mtu mwenye kasoro wakati wa mimba. Ni lazima tujibu kwa ukweli wote, bila kuuzidisha. Zebaki ni sumu, na mvuke wake unapochomwa nyumbani humfikia mama na mtoto aliye tumboni; madhara yake kwa ubongo unaokua yanajulikana vizuri. Ndiyo sababu Rwamagasa, hapa Geita, ilichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza matumizi yake. Lakini hakuna ushahidi thabiti unaoihusisha zebaki na mipasuko hii ya nadra ya uso. Kumwambia mama kwamba yeye au mumewe alimpasua mtoto kwa kuchoma dhahabu ni kumpa hukumu ambayo sayansi haikuitoa. Kumwambia aache kuchomea jikoni, kwa ajili ya mimba ijayo na kwa ajili ya mapafu yake, ni wajibu. Mambo hayo mawili yanasemeka katika mazungumzo yaleyale. Dawa fulani za kifafa zinajulikana kuongeza uwezekano wa mpasuko wa mdomo na kaakaa. Mwanamke anayezitumia na anayetaka kupata mimba aonane na daktari mapema, asiache dawa kwa uamuzi wake. Kuhusu kumcheka mtu, ninawaambia wakwe wenyewe waje kliniki. Baadhi huja. Mmoja, mzee wa Bukombe, alisikiliza maelezo ya wiki ya nne hadi ya nane, akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi wakati huo hata mimi sikujua kama mkwe ana mimba," kisha akaomba kumbeba mjukuu.

Mama wa mtoto wa namba 4 naye aliniuliza swali, siku nilipomweleza kuhusu jicho. Hakuuliza sababu. Aliuliza kama lingepona iwapo angekuja siku ya kwanza. Nilimwambia kwamba kwa uwezekano mkubwa, ndiyo, na kwamba ni mimi niliyesema asubiri. Tulikaa kimya muda mrefu. Mwaka huu binti yake anaanza darasa la kwanza, na bado anarudi kwangu kila likizo.

Tabibu yule wa simu ya kwanza bado yuko zahanati ileile. Muda mfupi baada ya daraja kufunguliwa alinitumia barua nyingine, nami nimeihifadhi: "Mtoto wa kike, siku ya pili. Mpasuko unaanzia pembe ya mdomo kulia, unaishia katikati ya shavu. Pua nzima. Kope zote nzima, macho yanafumba. Sikio la kulia dogo, vinyama viwili mbele yake, mama ameelezwa asivifunge uzi. Kaakaa zima. Vidole vyote vizima. Anapumua vizuri, ananyonya kwa shida, tumeanza kikombe. Simu ya mama na ya bibi ziko nyuma ya karatasi." Hakuandika namba yoyote. Nilipomaliza kusoma nilikwisha kumwita mtaalamu wa masikio, na basi lao lilikuwa bado halijavuka Kigongo.